"Hakuna Matata" Si Mwisho wa Hadithi



Juzi hapa nyumbani Mtoni, Temeke, nilimtuma mjukuu wangu dukani kununua unga. Akarudi na unga, chenji hana, imemponyoka njiani. Nilipomwuliza akacheka: "Hakuna matata, babu!" Maneno hayo hakuyapata kwangu wala kwa bibi yake. Sisi watu wa pwani, jambo likiwa jepesi, twasema "si neno" au "hamna tabu". Kayapata katika sinema ya katuni, "The Lion King". Basi nikaketi naye, nikaitazama mwanzo hata mwisho.

Sinema hiyo ilitoka Marekani mwaka 1994, kwa kampuni ya Disney, chini ya waongozaji wawili, Roger Allers na Rob Minkoff. Allers na wenzake walifika Kenya, mbuga ya Hell's Gate, kuitazama nchi, na maneno ya Kiswahili wakayatia ndani: Simba, Rafiki, Sarabi, hata Pumbaa. Lakini fisi mmoja wamemwita Shenzi. Wakoloni walitutukana kwa neno hilo, na sisi wa pwani, tuseme kweli, tuliwatukana nalo ndugu zetu wa bara. Si neno la kumzoeza mtoto kulichekea.

Hadithi yenyewe ni hii. Scar alimwua nduguye mfalme, kisha akamtwika mtoto Simba hatia isiyo yake na kumwambia akimbie. Simba akaangukia kwa Timon na Pumbaa, nao wakamfundisha "hakuna matata": yaliyopita yaache, kula, lala. Wimbo ni mtamu, na dunia imeuimba.

Ila watu wameushika wimbo, hadithi wameiacha. Simba alipokuwa akila na kulala, ni nani aliyelipa? Ni mama yake, Sarabi, aliyebaki na majike wenziwe katika nchi iliyokauka, njaa imewashika, na kofi la Scar likamfika. Raha ya mmoja ilikuwa dhiki ya nyumba nzima. Mwisho Simba akarudi kuubeba mzigo wake. Sinema yenyewe yaukana wimbo wake, na kwa hilo naisifu.

Jambo moja la kuangalia: baba aliyekufa atokea mawinguni kusema na mwanawe. Mweleze mtoto kuwa hiyo ni ngano. Wafu wetu twawaombea dua, na sauti yao kwetu ni wasia waliotuachia.

Na Allers mwenyewe hakuishi kwa wimbo ule. Baada ya 1994 alishughulika miaka kama minne na sinema nyingine. Ikageuzwa, naye akajitoa mwaka 1998. Ilitoka mwaka 2000 chini ya mwongozaji mwingine. Hakukata tamaa. Mwaka 2014 akaleta "The Prophet", kutokana na kitabu cha Kahlil Gibran wa Lebanon cha mwaka 1923. Jina lisikushtue: si Mtume wetu, ni mtu wa kubuni, mwenye mawaidha juu ya watoto, kazi na mauti.

Basi mzazi, usiishie kuzima runinga. Kaa na mwanao mpaka mwisho, umwulize: nani aliyelipa?

Mjukuu wangu nilimrudisha njiani kuitafuta chenji. Akaleta shilingi mia tano, akaniomba radhi kwa iliyopotea. Hapo ndipo nilipomjibu: si neno.

Wabillahi tawfiq.