Mkono Unaofungwa

Mtaani Kaloleni, hapa Kisumu, niliwahi kumtazama kocha mzee akifunga mikono ya kijana. Alikaa kwenye benchi, akaulaza mkono wa kijana gotini pake, akaanza kuzungusha bendeji: kwenye kifundo cha mkono mara tatu, juu ya vifundo vya ngumi, katikati ya vidole, kidole gumba, kisha kurudi pale alipoanzia.

“Kunja. Inabana?”

“Hapana, jaduong’,” yaani mzee.

Ikikazwa mno, damu haipiti. Ikilegea, mfupa unaweza kuvunjika. Kazi hiyo ilichukua karibu robo saa, na hakuna aliyemharakisha.

Siku hizo nilidhani kufunga mikono ni maandalizi tu. Sasa naamini ndiko kiini cha ufundi wenyewe.

Mifupa ya kiganja ni myembamba, fuvu ni gumu. Mabondia wa London walilijua hilo miaka 300 hivi iliyopita, walipopigana mikono mitupu. Aliyetupa ngumi ovyo kichwani alivunja mkono wake mwenyewe, kwa hiyo walilenga mbavu na tumbo, wakachagua kila pigo. Mwaka 1741, George Stevenson alifariki baada ya kupigana na Jack Broughton. Mwaka 1743 Broughton akaandika kanuni: aliyeanguka asipigwe, na apewe nusu dakika arudi katikati. Ni yeye pia aliyewavalisha wanafunzi wake glavu za mazoezi.

Ulingo ule ulikuwa wa watu wa kazi nzito. Tom Cribb alikuwa mchukuzi wa makaa ya mawe bandarini. Tom Molineaux, mtu mweusi aliyetoka Marekani, alimkabili mwaka 1810 kwa raundi zaidi ya 30. Daniel Mendoza, Myahudi aliyekuwa na kilo 73 tu, aliwashinda watu wakubwa kwa miguu myepesi na macho. Naona wachukuzi wa bandari yetu wangewaelewa upesi.

Huku kwetu, reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Wakati huo ufuoni vijana walikuwa wakipimana nguvu kwa mieleka. Ndondi zilikuja na ukoloni, zikakua katika majeshi, polisi na kumbi za mitaa, na zilitufikia zikiwa zimekwisha kuvaa glavu, kwani kanuni za Queensberry za 1867, zilizodai glavu, zilikuwa zimeshashinda. Pambano kuu la mwisho la mikono mitupu lilikuwa la John L. Sullivan na Jake Kilrain, huko Mississippi, mwaka 1889: raundi 75 juani.

Lakini glavu humkinga nani? Hukinga mkono. Kichwa, ambacho zamani kililindwa na hofu ya mpigaji kuvunja vidole, sasa hupigwa mara nyingi zaidi. Nalisema hili kwa uchungu nikimkumbuka Robert Wangila. Seoul, mwaka 1988, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, akawa Mkenya pekee hadi leo mwenye dhahabu ya Olimpiki ya ndondi. Mwaka 1994 alifariki kwa majeraha ya kichwa baada ya pambano Las Vegas. Alikuwa na miaka 26.

Ndiyo maana namsifu zaidi kocha anayefundisha kukwepa kuliko anayefundisha kuangusha. Yule mzee wa Kaloleni alimfundisha kijana kusogeza bega, kuinamisha kidevu, kurudi nyuma nusu hatua na kuiacha ngumi ipite hewani. Kila ngumi ya mpinzani iliyokosa shabaha aliishangilia kwa sauti.

Mazoezi yalipokwisha, glavu zilitupwa ndani ya gunia. Bendeji hazikutupwa. Kijana alizifua kwenye karai nje ya ukumbi, akazianika kwenye ua, ndefu na nyeupe. Upepo wa ziwa ulipovuma jioni, zilipeperuka pamoja na nguo za watoto. Mzee akaja kuzigusa moja moja, kuona kama zimekauka.