Nyuzi 66 za kweli: themomita ya mpika bia inavyopimwa kabla ya kuaminiwa

Saa moja tu huamua bia ya nyumbani itakuwaje. Ni saa ile kimea cha shayiri kilichoparazwa kinapolowekwa kwenye maji ya moto, sufuria ikafunikwa, na vimeng'enya vya nafaka vikaanza kuumega wanga kuwa sukari.

Vimeng'enya vyenyewe ni viwili, na havipendi joto moja. Beta-amilesi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65 za Selsiasi, na joto likipita 70 huharibika upesi. Humega wanga kutoka mwishoni mwa mnyororo na kutoa sukari ambayo chachu huila ikaimaliza. Alfa-amilesi hustawi kati ya 68 na 72. Hukata mnyororo popote, na huacha vipande virefu ambavyo chachu haiviwezi. Anayelenga nyuzi 66 anataka vyote viwili vifanye kazi kwa pamoja. Akizidisha nyuzi tatu bila kujua, bia itatoka nzito, yenye utamu uliobaki. Akipunguza tatu, itatoka kavu na nyepesi mdomoni.

Mama anayepika togwa Songea au Morogoro anaifahamu kazi hiyo. Uji ukishapoa kiasi hutia kimea cha ulezi, na uji uliokuwa mzito hulegea na kuwa mtamu. Kipimo chake ni kidole na mazoea ya miaka. Wapika bia wa Uingereza nao walifanya hivyohivyo kwa karne nyingi: walichovya kidole, au walingoja mvuke upungue hadi mtu aione sura yake ndani ya maji. Katikati ya karne ya 18 mpika bia Michael Combrune aliifanya themomita kuwa kifaa cha kazi. Aliandika juu yake mwaka 1758, kisha mwaka 1762 akachapisha kitabu kizima, The Theory and Practice of Brewing.

Leo tatizo limegeuka. Themomita ni tele, kigumu ni kujua ipi inasema kweli.

Dukani, jicho la mnunuzi huvutwa na kioo. Kifaa kinachoonyesha 66.3 huonekana makini kuliko kinachoonyesha 66. Lakini desimali hueleza tu hatua ambazo namba inaweza kuruka. Hazisemi namba hiyo iko karibu kiasi gani na joto halisi. Mfano mzuri ni DS18B20, kihisi kidogo kinachopendwa na wapika bia wanaojiundia mitambo ya kudhibiti joto. Kinaweza kugawa nyuzi moja mara 16, yaani hatua za nyuzi 0.0625. Hata hivyo mtengenezaji anaahidi usahihi wa nyuzi 0.5 juu au chini, kwa joto la kati ya -10 na 85. Tarakimu tatu za mwisho ni pambo.

Ndiyo maana mstari wa kusoma kwanza kwenye boksi ni ule wenye alama ya ±. Themomita mbili za ±1 zinaweza kutofautiana kwa nyuzi mbili ndani ya sufuria moja, na zote zikawa zimetimiza ahadi ya kiwanda.

Baada ya alama hiyo, cha kutazama ni kilichomo ndani ya ncha. Themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa. Joto likizigusa, umeme mdogo huzaliwa, jambo aliloligundua Thomas Seebeck mwaka 1821. Ile ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Kwa kuwa ncha inaweza kuwa nyembamba sana, jibu huja haraka. Thermapen ONE, inayotengenezwa na kampuni ya ETI huko Worthing, Uingereza, hutumia themokapo na huahidi ±0.3 ndani ya sekunde moja. Udhaifu wa themokapo ni kwamba hupima tofauti kati ya ncha na mwili wa kifaa. Mwili ukishikiliwa juu ya mvuke ukapata moto ghafla, hesabu inaweza kuyumba hadi utulie.

Themista, inayokaa ndani ya themomita nyingi za bei nafuu, ni punje ya oksidi za metali ambayo ukinzani wake hushuka joto linapopanda, kwa karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi moja katika joto la chumbani. Mabadiliko makubwa namna hiyo ni rahisi kupima, kwa hiyo themista nzuri ni sahihi sana katika joto la mpika bia. Adui yake ni maji. Yakipenya pale waya unapoingia kwenye bomba la chuma, ukinzani huvurugika na namba huanza kutangatanga. Wengi hutupa kifaa kizima wakidhani kimekufa, kumbe kilicholowa ni kiungo tu.

Cha tatu ni platini, iitwayo Pt100 kwa sababu ina omu 100 kwenye nyuzi 0. Ikifika nyuzi 100 huwa na omu 138.5. Hupanda karibu kwa mstari ulionyooka na hudumu miaka bila kubadilika. Ya daraja A, kwenye nyuzi 66, inaruhusiwa kukosea takriban 0.28, ya daraja B, 0.63. Hii humfaa anayetaka kihisi kilichofungwa moja kwa moja kwenye sufuria.

Lakini ahadi ya kiwanda lazima ithibitishwe jikoni, kwa maji yanayochemka na kwa barafu, na funzo la kwanza linatoka Boulder, Colorado. Katika mji huo Charlie Papazian na Charlie Matzen walianzisha chama cha wapika bia wa nyumbani wa Marekani mwaka 1978, mwaka uleule Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoruhusu bia hiyo katika ngazi ya taifa. Boulder iko takriban mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni hafifu, na maji huchemka kwenye nyuzi 94.5 hivi. Anayeirekebisha themomita yake isome 100 kwenye maji yanayochemka ameipotosha kwa nyuzi 5.5. Siku ya kupika ataona 66, na sufuria itakuwa na 60.5. Mtego huohuo uko Mbeya na Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 na kidogo. Dar es Salaam haupo.

Jaribio la barafu halijali mwinuko, ila lina utaratibu wake. Barafu iliyopondwa hujazwa kikombe hadi juu, kisha maji baridi huongezwa ya kuziba nafasi tu. Vipande vichache vikielea juu ya maji mengi, maji ya chini yanaweza kuwa na nyuzi 4, kwa kuwa maji huwa mazito kuliko yote katika joto hilo. Ncha hukaa katikati bila kugusa kikombe, na namba husomwa ikishatulia.

Kipimo cha kati hupatikana kwa kifaa ambacho nyumba nyingi zinacho: themomita ya kidijitali ya kupima homa. Nyingi huahidi ±0.1 karibu na nyuzi 38. Ncha zote mbili zikitumbukizwa kwenye chupa ya chai yenye maji ya joto hilo, tofauti huonekana wazi, na joto hilo liko kati ya lile la kuloweka kimea na lile la kuchachusha, ambalo kwa chachu nyingi za ale ni nyuzi 18 hadi 22.

Vipimo vikishapatikana, kinachobaki ni hesabu ndogo. Themomita ya Boulder ikisoma 0.4 kwenye barafu na 96.1 kwenye maji yanayochemka, imezidisha 0.4 chini na 1.6 juu. Nyuzi 66 ziko karibu asilimia 70 ya safari hiyo, kwa hiyo hapo itazidisha takriban 1.2. Kifaa hicho hakihitaji kutupwa. Kinahitaji kipande cha plasta mgongoni kilichoandikwa "67.2 = 66".

Kwa anayenunua leo, basi, themista ya ±0.5 yenye ncha nyembamba na alama ya IP67, inayoruhusu kuzama mita moja kwa dakika 30, inatosha kabisa. Fedha zaidi hununua kasi na cheti cha upimaji. Siku ya kupika, mpishi hukoroga kimea hadi chini kabla ya kusoma, kwa maana pembeni na katikati ya sufuria hutofautiana kwa nyuzi kadhaa, kisha husoma sehemu tatu. Zote zikitoa 67.2, hufunika, huzungushia sufuria blanketi, na baada ya saa moja hurudi kusoma tena.