Ngoma Isiyo na Uwanja: Uhakiki wa Ushirika wa Vijana katika Michezo ya Mtandaoni

Mchezo ni sehemu ya utamaduni kama ilivyo lugha, chakula na mazishi. Mwezi Desemba mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliwasuta wasomi wa siku zile waliojivunia kuzijua dansi za kigeni ilhali hawakujua gombe sugu, mangala wala lele mama. Suto hilo lilikuwa la haki. Leo, tuwaonapo vijana wameinamia simu hadi usiku wa manane wakicheza na watu wasiopata kuwaona kwa macho, ni rahisi kulirudia suto lile neno kwa neno. Lakini kazi ya mhakiki si kurudia. Kazi yake ni kupima kwanza, ndipo aseme. Makala haya yanakusudia kupima.

Nimekaa Mpanda miaka mingi nikiwa mtumishi wa serikali, na mji huu una jambo la kutufundisha kuhusu ushirika wa wageni. Wenyeji wa nchi hii ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Mgodi wa madini ya risasi na tawi la reli litokalo Kaliua ndivyo vilivyoukuza mji. Baadaye wakaja wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, waliopewa makazi Katumba na kisha Mishamo, na wengi wao wamekwisha kuwa raia wenzetu. Wakaja pia Wasukuma na ng'ombe wao, wakaenea mpaka bonde la Rukwa. Mkoa wa Katavi wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 tu, ulipotengwa na Rukwa. Basi swali la namna wageni wanavyokuwa ndugu si geni kwetu. Tumeliishi.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, maana wazee wengi huulaani bila kuujua. Nitauchukua mmoja uchezwao sana na vijana wenye simu za bei nafuu, nao ni Free Fire, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Garena ya Singapore. Wachezaji 50 hushuka kwa miavuli katika kisiwa cha kubuni. Kila mmoja huokota silaha, dawa na ngao. Eneo la usalama huzidi kupungua, na wa mwisho kubaki hai ndiye mshindi. Duru moja huchukua kama dakika kumi. Waweza kucheza peke yako, lakini utamu wake umo katika vikosi vya watu wanne, ambao huzungumza kwa sauti huku wakicheza. Zaidi ya vikosi kuna vyama vyenye jina, kiongozi na wanachama. Kila mchezaji hujipachika jina la kuchezea.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alikuja kukaa nami mtaa wa Makanyagio wakati wa likizo. Kikosi chake kilikuwa na kijana mmoja wa Mwanza, mmoja wa Kigoma, na mmoja aliyesema yuko kijiji fulani cha upande wa Mishamo. Kwa usiku kadhaa nilikaa kimya nikawasikiliza. Nilitazamia kusikia matusi na Kiingereza kibovu. Matusi yalikuwapo, sikatai. Lakini Kiingereza kilikuwa cha majina ya silaha tu. Mengine yote yalikuwa Kiswahili, tena Kiswahili chenye nguvu. Nilisikia majigambo: kijana anajitapa kwa jina lake la kuchezea, anataja aliowaangusha, anamdharau adui kabla hajamwona. Nilisikia utani wa makabila usio na chuki. Nilisikia pia amri za kuhurumiana: mwachie mwenzako dawa, mrudieni huyo msimwache nyuma. Mtandao ulipokatika kwetu, jambo lisilo nadra, wale watatu hawakuanza duru nyingine mpaka mpwa wangu aliporudi. Mimi niliyezoea kutunga mashairi nilijiuliza: majigambo haya nimepata kuyasikia wapi?

Nimeyasikia katika ngoma. Wasukuma wanazo pande mbili kuu za wachezaji, Bagika na Bagalu, ambazo masimulizi huzirudisha kwa mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha, makundi ya pande hizo hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hapana mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji ni huru kwenda huku na huku, na kundi linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo linaloshinda. Kwa hiyo kila upande hutafuta ufundi mpya: wengine hurusha majembe, wengine hucheza na nyoka, wengine na nungunungu. Manju hutunga nyimbo za kujisifu na kuwakejeli wapinzani. Kijana anayejiunga hupata pia walimu, wakubwa zake na wenzi wa kulima nao. Wasukuma walipohamia huku kwetu walikuja na ngoma zao, na pande hizo zikawasaidia kutambuana ugenini.

Mfano wa pili ni beni. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikaenea bara, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Katika Tanganyika vyama vyake viwili vilivyovuma ni Marini na Arinoti. Wanachama walivaa sare, wakatembea kwa hatua za kijeshi, wakapeana vyeo vya kubuni vya kifalme na vya kijeshi. Karani wa ofisini kwa mkoloni aliweza kuwa jenerali jioni. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, alionyesha kwamba vyama hivi havikuwa kuiga kwa kitumwa. Vilikuwa pia vyama vya kusaidiana: mwanachama akisafiri alipokelewa na wenzake wa mji mwingine, akiugua aliangaliwa, akifa alizikwa.

Basi vijana wetu hawakuvumbua jambo geni. Pande mbili zinazoshindana, jina la kuchezea, vyeo vya kubuni, majigambo, mavazi ya fahari: vyote hivi wazee wao walikuwa navyo. Hata lawama ya kwamba mchezo ni wa vita haina uzito wote tunaoupa, maana beni nayo ilikuwa vita vya kuigiza. Na anayesema kwamba ushirika wa mtandaoni hauwezi kuwa wa kweli, na atazame kisa cha Mats Steen wa Norway. Kijana huyu alizaliwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, akaishi katika kiti cha magurudumu, akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini kwamba alikufa bila marafiki. Baba yake alipotangaza kifo hicho katika ukurasa ambao Mats alikuwa akiandikia habari zake, rambirambi zikamiminika kutoka nchi mbalimbali. Kumbe katika mchezo uitwao World of Warcraft, kwa jina la Ibelin, alikuwa mwanachama wa kundi la Starlight, mshauri na mfariji wa wengi. Wanakundi walichangishana fedha ili wasio na nauli waweze kufika mazikoni, na baadhi yao wakafika. Kwetu jambo hili halihitaji ufafanuzi. Waliotoa mchango wa msiba na kusafiri kwenda kuzika ni ndugu, hata kama walikutana wapi.

Hata hivyo mhakiki anayesifu tu ni sawa na mlinzi aliyelala. Ziko kasoro, nazo si zile zisemwazo kila siku.

Kasoro ya kwanza ni msimu. Ngoma ya Wasukuma ilingoja mavuno. Jembe lilipokuwa shambani, ngoma ilikaa kando. Mchezo wa simu hauna masika wala kiangazi. Haujui mtihani, palizi wala usingizi. Si kwamba vijana ni wavivu kuliko babu zao. Babu zao waliwekewa mpaka na mvua, nao hawakuwekewa mpaka na kitu chochote.

Kasoro ya pili ni uwanja. Uwanja wa ngoma ulikuwa wa kijiji, na umati ndio uliokuwa hakimu. Kisiwa cha Free Fire ni mali ya kampuni, na kampuni hiyo ndiyo inayotunga sheria na kuuza mavazi kwa fedha ya mchezo iitwayo almasi. Ni kweli kwamba watu wa beni nao walijifilisi kwa sare na karamu. Lakini fedha ile ilibaki kwa fundi cherehani na kwa mpishi wa mtaani. Almasi za simu huvuka bahari na hazirudi.

Kasoro ya tatu yaniuma mimi kama mtunzi. Kila ngoma ilizalisha nyimbo, na nyimbo zilibaki baada ya mchezo. Majigambo niliyoyasikia Makanyagio, mengine mazuri kabisa, yalikufa duru ilipokwisha. Hakuna manju aliyeyashika.

Kasoro ya nne ndiyo kubwa, nayo niliigundua kwa masikitiko. Yule kijana wa upande wa Mishamo, aliyejiita Radi, aliacha kuonekana. Siku ya kwanza wenzake walicheka kwamba bando limekwisha. Juma la pili hawakucheka. Mpwa wangu akaanza kuuliza: ameugua? Ameuza simu? Au ndiyo basi? Nikamwuliza jina la kijana huyo. Hakulijua. Nikamwuliza kijiji, baba, shule. Hakujua. Walikuwa wamepigana bega kwa bega kwa miezi saba, na kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kubisha hodi. Kila jioni waliendelea kumwacha katika orodha ya kikosi, na nafasi yake ikabaki wazi. Likizo ikaisha, Radi hajarudi.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Vijana wale walitaka kufaana. Sauti ya mpwa wangu ilinithibitishia hivyo. Walichokosa ni njia. Mwanachama wa beni alikuwa jenerali uwanjani, lakini wenzake walijua anapolala na nani wa kuitwa akifa. Na hata rafiki za Mats Steen wasingefika kaburini kama baba mtu asingetangaza msiba kwa jina halisi. Jina la kuchezea ni vazi. Si vema mtu azikwe na vazi peke yake.

Kwa hiyo nawashauri walimu wasianze kwa kunyang'anya simu. Waanze kwa kuuliza: unacheza na nani, na mama yake anaitwaje? Swali hili litatenganisha ushirika na kelele. Wanafunzi nao wawe na tahadhari: si busara kumpa jina na makazi mtu uliyekutana naye jana, maana mtandaoni wamo pia wenye nia mbaya. Lakini kikosi kilichodumu, ambacho wazazi wanakifahamu, na kimteue karani wake, aandike jina na kijiji cha kila mmoja na namba ya mzazi. Wajiwekee msimu wao wenyewe. Na mwalimu wa Kiswahili anayefundisha majigambo awaruhusu wayaandike yale ya usiku, ayasahihishe vina na mizani, yasomwe darasani.

Hukumu yangu ni hii. Ushirika wa vijana katika michezo ya mtandaoni ni ngoma, tena ni ngoma yetu kwa lugha na kwa desturi, ila imekosa uwanja wa kukutania. Tusiwanyang'anye ngoma. Tuwasaidie kupata uwanja, ili siku Radi mwingine atakaponyamaza, pawepo mtu wa kupanda basi kwenda kumtazama.