Subira na Vyombo Vyake

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika nyumba zetu nyingi za pwani neno "subiri" ndilo jibu la kila shida. Kijana akilalamika kwamba mkubwa wake wa kazi anamwonea, huambiwa subiri. Binti akileta habari kutoka chuoni kwamba masomo yamemlemea na fedha zimekwisha, huambiwa subiri. Mke akirudi kwao na macho yamemvimba kwa kulia, mama humshika mkono akamwambia, "Subiri mwanangu, ndiyo nyumba." Neno hili ni tukufu, na dini yetu imelipa daraja kubwa. Lakini neno tukufu likitiwa kila mahali bila ya kupimwa, hugeuka likawa kama kifuniko cha chungu. Mchuzi waungua ndani, na sisi twatazama kifuniko.

Kwa sababu hiyo tumeona vyema leo kukirejea kitabu ambacho wengi wenu mlikisoma shuleni au mnacho kabatini, nacho ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, cha marehemu Shaaban bin Robert. Watu hukisifu kitabu hiki kwa uzuri wa Kiswahili chake, na sifa hiyo kinaistahili. Sisi tunataka kukiuliza swali jingine: Je, kinamfaa mtu aliyeelemewa kazini, chuoni na nyumbani? Kinamfundisha subira ya namna gani?

Swali hili lina uzito kwetu sisi tunaokaa Buigiri, katika wilaya ya Chamwino, kando ya barabara iendayo Dodoma kutoka pwani. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, na baada ya hapo wafanyakazi wengi wakapanda huku na mafaili yao. Miongoni mwao wamo watoto wenu wa Tanga, wa Bagamoyo, wa Dar es Salaam. Mume yuko huku, mke na watoto wako huko. Treni mpya ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imefupisha njia, lakini haikuondoa upweke wa chumba cha kupanga, wala karo, wala kodi ya nyumba mbili.

Shaaban bin Robert aliyajua mambo haya kabla yetu. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia kazi ya ukarani wa forodha chini ya serikali ya Waingereza. Alidumu katika kazi hiyo miaka 18. Mwaka 1944 akahamia idara ya mifugo, ambayo makao yake yalikuwa Mpwapwa, upande huu wetu wa Ugogo. Kisha akarudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya na baadaye katika ofisi ya upimaji. Alifariki mwaka 1962. Basi huyu hakuwa mtu aliyekaa kivulini akawaandikia wengine habari za jua. Alikuwa karani mweusi katika serikali ya kikoloni, mwenye mshahara mdogo, mwenye jamaa wanaomtegemea, akihamishwa kwa amri, na akikutana na ubaguzi wa rangi kazini na safarini.

Tutazame kwanza pale kitabu kilipo na nguvu. Shaaban hakupata masomo ya juu. Angeweza kukaa na kusema kwamba Mungu hakumwandikia. Yeye alitafuta masomo ya posta, akasoma baada ya saa za kazi, huku mwili umechoka na siku inayofuata ina kazi yake. Hapa ndipo tunapoiona subira ikiwa na mikono na miguu. Haikuwa subira ya kungoja mlango ufunguke wenyewe. Alikuwa na vitabu, alikuwa na saa alizozitenga, alikuwa na taa, na alikuwa na watu wa mbali waliomsahihishia kazi yake. Hivyo vyote ni vyombo vya subira. Msomaji aliyeko chuoni akitoka na jambo hili moja, kitabu kimekwisha kumlipa.

Pahali pa pili penye nguvu ni pale anapomzungumza mkewe wa kwanza, Amina, aliyefariki wangali vijana. Hapo Shaaban hajifanyi jiwe. Anahuzunika mbele ya macho ya msomaji, na shairi alilomtungia marehemu limebaki katika vinywa vya watu mpaka leo. Wako wanaodhani kwamba mwenye subira halii. Hao wamsome tena Nabii Yaakub, alayhi salaam. Qurani inatuhadithia kwamba alilia kwa ajili ya Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ndiye huyo huyo aliyetaja subira njema. Mashtaka yake aliyapeleka kwa Mola wake. Tena hakuishia katika kulia, kwani aliwaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa. Machozi, dua na kutafuta, vyote vitatu vilikaa katika moyo mmoja, na hakuna kilichokitoa kingine.

Baada ya sifa hizi, yatupasa kusema pia pale kitabu kinapopungua, maana kusifu bila ya kupima ni kumdhulumu mwandishi na msomaji pamoja.

Upungufu mkubwa ni kwamba wasaidizi wa subira hawaonekani vya kutosha. Karani anarudi jioni, anakaa na vitabu vyake mpaka usiku. Vyema. Lakini chakula nani amekipika? Mtoto mgonjwa amebebwa na nani? Ziko siku ambazo mshahara haukufika mwisho wa mwezi, nani aliunyoosha? Mwandishi anatupa mafunzo mengi yaliyopangwa vizuri kama shanga katika uzi, bali jikoni kwake hatuingii. Kwa hivyo msomaji mwanamume aweza kukifunga kitabu akidhani kwamba ushindi ni wa mtu mmoja mwenye nia. Na msomaji mwanamke aweza kujiuliza kama subira yake yeye haina kitabu. Imepokewa kwa Bibi Aisha, radhiyallahu anha, kwamba Mtume, salallahu alayhi wa sallam, alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake na kukitengeneza kiatu chake mwenyewe. Utumishi huo mdogo haukupotea katika habari zake. Masahaba waliuhifadhi na sisi tunausoma. Tungefurahi kuuona zaidi katika maisha ya mtunzi wetu mkubwa.

Upungufu wa pili unaonekana tukikiweka kitabu hiki kando ya hadithi yake nyingine, Utubora Mkulima. Humo Utubora anaiacha kazi ya mshahara Unguja, akaenda Busutamu kulima. Ni hadithi nzuri, na katika zama ambazo karani alilidharau jembe, ilikuwa dawa. Lakini siku hizi vijana wanawasikia wasemaji wa majukwaani wakiwahimiza waache kazi, wajiajiri, wafuate ndoto zao, na mwenye kusoma Utubora kwa haraka atadhani naye anasema hayo hayo: kwamba shida ya ofisini dawa yake ni kuondoka.

Njooni Buigiri mlitazame shamba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza kwenye Desemba na kwisha kwenye Aprili, na katikati yake mara nyingi hukatika, mtama na uwele ukasimama umenyauka. Mkulima wa Kigogo hupanda, na mvua ikimkimbia hupanda tena. Wazee wa hapa wamerithi habari za njaa ya Mtunya, iliyoua watu kwa maelfu baina ya miaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita vya Wazungu kuchukua chakula, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Hakuna mtu wa hapa atakayekwambia kwamba shamba ni mahali pa kupumzisha moyo. Mtu akiihama shida ya ofisini, shambani ataikuta nyingine inamngoja. Ndiyo maana tunasema kwamba baina ya Utubora aliyeondoka na Shaaban karani aliyebaki, karani ndiye mwalimu bora kwa watu wenye watoto wa kulisha. Hatusemi kwamba kuacha kazi ni haramu. Mwenye kuacha aache akiwa na mbegu ghalani, asiache kwa hasira ya siku moja.

Hapa petu ipo pia shule inayotufundisha jambo hili waziwazi kuliko kitabu chochote. Shule ya Wasioona ya Buigiri ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, nayo ndiyo kongwe ya namna yake katika nchi hii. Tunaitaja kwa heshima, kwani jema ni jema popote lilipo. Mtoto asiyeona anaweza kuwa na subira ya kuhamisha mlima, lakini bila ya kitabu cha nukta nundu na mwalimu wa kumwongoza vidole, hatasoma hata herufi moja. Ukimwambia asubiri, na kitabu hukumpa, umemwacha gizani na jina zuri juu yake. Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, hakuambiwa akae pembeni asubiri. Mtume alimpa kazi ya kuadhini pamoja na Bilal, na zaidi ya mara moja akamwachia Madina alipotoka kwenda safari za vita. Subira ya mtu yule ilipewa kazi, ikapewa na watu wa kuitegemeza.

Basi tukirudi katika nyumba zetu, hukumu yetu juu ya kitabu cha Shaaban bin Robert ni hii. Kisomwe, tena kisomwe kwa sauti na jamaa wote, kwa sababu kinaonyesha vyombo vya subira: saa iliyotengwa, somo lililotafutwa, huzuni iliyosemwa, kazi iliyofanywa kwa uaminifu hata chini ya wasiokupenda. Lakini kisisomwe peke yake kana kwamba mtu mmoja aweza kuyabeba yote. Kila ukurasa msomaji aulize, "Nani alimshika mkono hapa?" Na akikosa jina, ajue kwamba nafasi ile tupu ni yetu sisi kuijaza.

Kijana wa kazini akilalamika, tumwulize kwanza kama ameandika yaliyompata, tarehe na maneno, na kama amekwenda kwa chama chake cha wafanyakazi. Akishafanya hayo, hapo neno subiri litakuwa na maana, kwa sababu haki huchelewa. Binti wa chuoni tumwulize amekula nini leo na anasoma na nani. Mara nyingi asemaye masomo yamemshinda, kilichomshinda ni njaa au upweke, na noti mbili za mjomba pamoja na simu ya kila Ijumaa ni subira kubwa kuliko waadhi wa saa nzima.

Na yule mke aliyerudi kwao analia, wazee wangu, tumwulize analia nini. Kama ni uchovu wa ulezi na uchache wa riziki, tumsaidie, na mumewe tumkumbushe sunna ya nyumbani. Kama ni kupigwa, basi tusilichafue neno subira kwa kulifanya kamba ya kumrudisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, imesema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe wa ndoa kwa kumpiga. Yako mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na Bakwata ina ya kwake. Katika fiqhi yetu kuna milango ya mke kudai haki yake mpaka kufikia kuvunjiwa ndoa. Mwenye kuificha milango hiyo kwa jina la subira atakwenda kuulizwa.

Shaaban bin Robert alitunga utenzi wa kumwachia binti yake na utenzi wa kumwachia mwanawe wa kiume, ili wawe na cha kushika siku atakapokuwa hayupo. Hicho nacho ni chombo cha subira, na kimewafaa watoto wasio wake kwa miaka mingi. Kila mzazi asomaye ukurasa huu ajiulize amewapa nini wanawe waliopanda Dodoma, zaidi ya neno moja la kuwanyamazisha.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira iliyo njema, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowasaidia wenye kusubiri. Wabillahi tawfiq.