Deni, Milima na Kibwagizo: Namna ya Kuipima Hotuba

Mkutano wa hadhara ukivunjika Mjambere, kule Kisauni, hukumu haikawii. Spika hazijapakiwa kwenye pikapu, na tayari barazani kwa muuza kahawa msemaji keshaanza kuchambuliwa. Huyu domo analo, maneno hana. Yule kaongea vizuri, ila yote kayaokota kwa mwenziwe. Wa tatu kawachekesha watu saa nzima, na ukimwuliza aliyecheka kushinda wote ni nini hasa kilichosemwa, anabaki kukuna kichwa. Watu wa huku wamesikiliza mengi: khutba za Ijumaa, mahubiri ya njia panda, washenga siku za posa, wawakilishi wadi kila miaka mitano. Masikio wanayo makali. Swali ni yaelekezwe wapi kwanza.

Anayetaka kuyanoa na aanze na hotuba aliyoitoa Martin Luther King Jr. tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya Ukumbusho wa Lincoln mjini Washington. Umaarufu wake si sababu ya kutosha, maana zipo hotuba maarufu zisizofaa kitu. Hii inafaa kwa mazoezi kwa sababu imeachwa wazi kila upande: sauti yake imehifadhiwa, zilikotoka sehemu zake kunajulikana, na yaliyotokea baadaye yana tarehe. Kiasi cha watu 250,000 walihudhuria. Msemaji alichukua dakika kama 17.

Wengi wanaijua sehemu ya "nina ndoto" tu. Hapo ndipo msikilizaji mchanga anapojikwaa, kwa kuwa dakika kumi za mwanzo hazina ndoto hata moja. Zina hesabu. King anawaambia wenzake kwamba wamekuja mji mkuu kuchukua pesa zao. Waasisi wa Marekani, walipoandika Tangazo la Uhuru na Katiba, waliweka sahihi kwenye hati ya ahadi, na kila raia ni mrithi wa ahadi hiyo. Raia weusi walipoipeleka benki, cheki ikarudishwa: akaunti haina fedha. Kisha anakataa kuamini kwamba benki ya haki imefilisika.

Mchambuzi makini ataisikiliza sehemu hiyo mara mbili, kwa sababu uzito wa hotuba nzima umebebwa hapo. Mdeni ametajwa. Mdai ametajwa. Hati ya deni ipo, mtu yeyote anaweza kuisoma. Siku yenyewe ilikuwa na madai yaliyoandikwa, kwani maandamano yale, yaliyoongozwa na A. Philip Randolph na kupangwa na Bayard Rustin, yaliitwa ya Ajira na Uhuru, na kati ya yaliyotakiwa ni kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa. Ndoto ingekuja bila deni hili, ingekuwa burudani ya mchana wa Agosti.

Mtu wa Kisauni anaielewa cheki ile bila kufasiriwa na yeyote. Ukiteremka kutoka Mjambere kuelekea Nyali unafika Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ng'ambo ya pili, Rabai, watumwa waliotoroka walikuwa wamejikusanya misheni, na mabwana zao wakataka warudishwe. George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akalimaliza shauri hilo kwa pesa: tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru Rabai. Fidia ililipwa. Ililipwa kwa mabwana. Waliolima mashamba yale miaka na miaka hawakuambulia ndururu. Tarehe hiyohiyo, 1 Januari, miaka 26 kabla, ndiyo Lincoln aliyotangaza uhuru wa watumwa katika majimbo ya waasi, na tangazo hilo ndilo King alianza nalo hotuba yake.

Huku Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908, iliyowapa watu nafasi ya kudai mashamba ya Pwani kwa jina la mtu binafsi, na Wamijikenda wengi pamoja na waliokuwa watumwa wakajikuta nje ya daftari. Ndiyo maana hadi leo mgombea akipanda jukwaani Kisauni hakosi kuwataja maskwota. Hapo ndipo pa kumjaribu. Akisema tu kwamba dhuluma ya ardhi lazima iishe, amesema kitu ambacho hata mdhulumu angekipigia makofi. Akitaja shamba gani, limeandikwa kwa jina la nani, ofisi ipi inashikilia faili na ni lini litafunguliwa, basi hata kama Kiswahili chake kinapinda, ameanza kutoa hotuba.

Baada ya deni, tega sikio kwenye majina ya mahali. Kipimo hiki hakisifiwi inavyostahili, ilhali ndicho kinachotenga mafundi na wapiga kelele haraka kuliko vyote. King anapofikia kilele anataka uhuru usikike milimani, naye anaitaja milima kwa majina. Anaanza na vilima vya New Hampshire, anapita New York, Pennsylvania, Rocky zenye theluji huko Colorado, hadi California. Mpaka hapo ni ramani nzuri ya shule, sehemu ambazo Mmarekani yeyote hujivunia. Halafu anageuka kusini. Stone Mountain, Georgia. Lookout Mountain, Tennessee. Na kila kichuguu cha Mississippi.

Stone Mountain si mlima wa kutajwa ovyo. Kileleni pake, mwaka 1915, ndipo kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan lilipofufuliwa kwa kuwasha msalaba moto. Mtoto wa Atlanta kama King alikulia kwenye kivuli cha habari hiyo. Kuutaka uhuru usikike kutoka kwenye jiwe lile ni kuingia nyumbani kwa adui na kufungua madirisha, na haikumlazimu kuongeza hata sentensi moja ya kueleza. Waliojua walijua. Asiyejua alisikia orodha ya milima, nayo ilimtosha. Fundi wa maneno hujulikana kwa jambo kama hilo, kuwapa watu wawili vitu viwili kwa pumzi moja.

Mlima uliwahi kufanya kazi kubwa huku kwetu pia, tena mapema zaidi. Tarehe 22 Oktoba 1959, ndani ya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Julius Nyerere alisema kwamba wangependa kuwasha taa na kuiweka juu ya Kilimanjaro, imulike hata nje ya mipaka, ilete matumaini palipo na kukata tamaa, upendo palipo na chuki, na heshima palipo na dharau. Mpangilio wa maneno unafanana na sala inayonasibishwa na Fransisko wa Asizi, nao unamwelekea msemaji aliyekuwa Mkatoliki wa kushika dini. Ila kwa msikilizaji wa Kenya uzuri uko kwenye jiografia. Kilimanjaro unaonekana waziwazi kutoka Loitokitok na Taveta. "Nje ya mipaka" haikuwa lugha ya mapambo: taa juu ya mlima ule ingeonekana Kenya, ambako utawala wa walowezi ulikuwa bado umekaa imara. Kisha, usiku wa uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge kileleni. Si hotuba nyingi ambazo tamathali zake ziliwahi kupandishwa mlima kwa miguu.

Sasa kibwagizo. Wasemaji wetu wengi wanakifanya kitanda cha kupumzikia. Mtu akiishiwa anapiga "Oyee!", umati unaitikia, naye anapata nafasi ya kutafuta sentensi nyingine. Kibwagizo cha kweli kinatembea. Katika ile ndoto ya King kila rudio linakwenda mahali papya: kwanza imani ya taifa zima, kisha wana wa watumwa na wana wa mabwana kwenye meza moja huko Georgia, kisha Mississippi, kisha watoto wake mwenyewe wanne, kisha Alabama, mwisho maono ya nabii Isaya ya mabonde kuinuliwa. Hakuna anayeachwa aone alishasikia hayo. Ukitaka kumpima msemaji wa jukwaani, funga jicho na uulize: nikiondoa rudio la tatu, kuna kitu nitakikosa? Kama hakuna, alikuwa anatafuta pumzi.

Na hapa kuna siri ambayo huwavunja moyo wanaoamini kipaji cha papo kwa hapo. Sehemu ya ndoto haikuwa kwenye maandishi ya siku ile. King aliziacha karatasi katikati ya njia. Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili aliyekuwa jukwaani, alisikika akimhimiza awaambie habari za ndoto. Ni kweli aliibuka nayo pale pale, lakini haikuzaliwa pale. Alishaisema Rocky Mount, North Carolina, Novemba 1962, na tena Detroit mwezi Juni 1963. Hata mwisho wa milima una ndugu yake mkubwa: Archibald Carey, mhubiri wa Chicago, alimaliza hotuba yake kwenye mkutano wa chama cha Republican mwaka 1952 kwa mwito wa uhuru kusikika kutoka mlima hadi mlima, Stone Mountain ukiwemo.

Je, huo ni wizi? Barazani watu wangegawanyika. Wahubiri weusi wa Marekani walikuwa na desturi ya kupokezana maneno, kama vile mshairi wa Mombasa anavyopokea bahari na kibwagizo bila kuomba ruhusa. Cha kutazamwa ni mkopaji amerudisha nini. Carey aliitaja milima akiwahutubia wajumbe ukumbini. King aliitaja kwa watu waliotoka huko kwa mabasi na treni, wengine wakiwa na makovu ya maandamano ya Birmingham ya miezi michache tu nyuma. Anayebeba sentensi ya mwenziwe na kuishusha mahali pepesi zaidi, huyo ndiye wa kulaumiwa.

Kuna hotuba ambayo haina karatasi wala kanda, nayo haiwezi kuachwa na mtu wa Pwani. Mekatilili wa Menza, mwaka 1913, alikuwa akizunguka Ugiriama akikusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwaapisha wasitoe kodi wala vijana wa kazi kwa Waingereza. Masimulizi ya Wagiriama yanasema alimwendea ofisa Arthur Champion akiwa na kuku na vifaranga vyake, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Ofisa alipojaribu, kuku akamdona. Mekatilili akawaonyesha watu: hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa atakayechukua watoto wetu.

Masimulizi yana matawi mengi na mchambuzi hana haja ya kuapia kila jani. Atazame ufundi. Mpinzani mwenyewe amefanywa mshiriki, mkono wake ndio umekamilisha hoja. Hakuna sitiari ya kufafanuliwa, na wanaoiigiza hadithi hiyo jukwaani siku hizi huiharibu kwa kuifafanua. Deni nalo liko wazi: ni vijana, si kingine. Serikali ilielewa vizuri mno. Mekatilili alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa Kisii, akatoroka mwaka 1914 na kurudi kwao kwa miguu, na mwaka huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti.

Hotuba za mgomo wa Mombasa ni hivyo hivyo, hazikubaki maneno. Kuanzia tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka chini kazi, wa bandari na reli kwanza, na mikutano yao ikawa kila siku kwenye uwanja wa Kiembeni kisiwani, si Kiembeni hii ya kupitia Bamburi. Chege Kibachia ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa chama chao. Hotuba zile zipimwe kwa matokeo: baraza la usuluhishi la Jaji Thacker lilipandisha mishahara, na Agosti mwaka huo Kibachia akakamatwa na kufungiwa Baringo. Msemaji asiyegharimu kitu hafukuzwi mjini.

Lakini pima pia kilichonyamaziwa. Siku ya Washington hakuna mwanamke aliyepewa hotuba kuu, ingawa wao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi. John Lewis, msemaji kijana wa miaka 23, alitakiwa kulainisha maandishi yake dakika za mwisho. Hotuba ya King haiwezi kuhukumiwa kama vile ilisimama peke yake. Ilipata nafasi ya kuwa na upole kwa sababu ukali ulishapunguzwa kwingine.

Wala isibebeshwe miujiza. Siku 18 baadaye, tarehe 15 Septemba 1963, bomu liliwaua wasichana wanne kanisani Birmingham. Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1964, baada ya mivutano mirefu bungeni. Ipo sehemu fupi kabla ya ndoto ambayo hata wapenzi wa hotuba huiruka: King anawaambia watu warudi makwao, Mississippi, Alabama, South Carolina, Georgia, Louisiana, kwenye vitongoji vya miji ya kaskazini. Dakika chache nyuma alikuwa amesema hawawezi kuridhika iwapo mtu mweusi wa Mississippi hawezi kupiga kura. Walirudi, na wengine walipigwa na kufungwa wakiandikisha wapiga kura kiangazi cha 1964. Kipande hicho cha cheki kililipwa tarehe 6 Agosti 1965, Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilipotiwa sahihi.