Marudio: Albamu ya Pili ya Kanye West Ikisikilizwa Geita

Mfasiri anayeichukua albamu ya *Late Registration*, ya Mmarekani Kanye West, hukwama kabla hajaugusa ubeti wa kwanza. Hukwama kwenye majina ya nyimbo. Wimbo uliopendwa kuliko zote humo unaitwa "Gold Digger", na neno kwa neno maana yake ni mchimba dhahabu. Wimbo uliotangulizwa sokoni kuitangaza albamu unaitwa "Diamonds from Sierra Leone", yaani almasi za Sierra Leone. Kwa msikilizaji wa Chicago, mji alikokulia mwimbaji, dhahabu ile na almasi ile ni mafumbo: moja ni fumbo la tamaa, na nyingine ni alama ya kampuni ya santuri. Kwa msikilizaji wa Shinyanga na Geita hayo si mafumbo. Almasi ni Mwadui, ambako John Williamson aliigundua mwaka 1940. Dhahabu ni Nyarugusu, Rwamagasa, Bulyanhulu, na mlima wa Geita wenyewe, ambao mgodi wake wa kikoloni ulifungwa mwaka 1966 na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kuzalisha mwaka 2000.

Nianze na "Gold Digger", kwa kuwa kosa la tafsiri ndilo lililonifungulia mlango. Kwa Kiingereza, mchimba dhahabu wa aina hii ni mwanamke anayemfuata mwanamume kwa ajili ya fedha. Kiswahili cha mjini kina usemi wake tayari: kuchuna buzi. Basi niliuita "Mchuna Buzi", nikaridhika, kwani kicheko cha wimbo kilibaki mahali pake. Lakini dhahabu ilikuwa imetoweka, na nafasi yake imekaliwa na mbuzi. Nilipoyatembelea machimbo ndipo nilipotambua kuwa hasara hiyo si ndogo. Katika machimbo mengi ya ukanda ule watu waliamini kwa miaka kwamba mwanamke akilikaribia duara, dhahabu hukimbia. Mwanamke aliachiwa kuponda mawe juani, kuokoteza katika kifusi, kupika na kuteka maji. Huku nje anaimbwa kuwa mchimba dhahabu. Kule hata mdomo wa shimo haruhusiwi kuuchungulia. West mwenyewe, nimpe haki yake, anaugeuza wimbo mwishoni: mwanamke aliyevumilia ufukara wa mumewe ndiye anayeachwa siku mume anapofanikiwa. Mgeuko huo wengi hawausikii, kwa sababu wakati huo wameshaanza kucheza.

Albamu ilitoka tarehe 30 Agosti 2005, mwaka mmoja na nusu baada ya ile ya kwanza, *The College Dropout*. Ilisifiwa na wahakiki, na mwaka 2006 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rap. Sifa hizo hazinishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni namna ilivyotengenezwa. Takriban kila wimbo wake umejengwa juu ya kipande cha santuri ya zamani, na nyingi ya santuri hizo ni za muziki wa soul: Otis Redding, Curtis Mayfield, Bill Withers, Etta James, Ray Charles. Mtayarishaji hukata kipande cha sekunde chache, hukizungusha, hukiongezea au kukipunguzia kasi, kisha hukitilia ngoma mpya. Vijana wetu wa studio huita kazi hiyo kuchota sampuli. Sampuli ni neno la maabara, halina ladha. Geita wana neno bora zaidi, na wao wenyewe hawajui kuwa ni neno la muziki.

Mwamba ukitolewa duarani hupelekwa kwenye karasha ukasagwa. Unga wake huteremshwa na maji juu ya ubao uliotandikwa gunia, na kile kilichonaswa na gunia hukandwa kwa zebaki. Zebaki hushika sehemu tu ya dhahabu. Mara nyingi haifiki hata nusu. Mchanga unaobaki huitwa marudio. Aghalabu mchimbaji huuacha palepale kwa mwenye karasha, kwa kuwa hana namna ya kuufaidi. Mwenye mtaji huununua kwa malori, huujaza katika matangi ya sianidi, na baada ya siku kadhaa huvuna kilichoachwa. Mara nyingi anavuna zaidi ya aliyeshuka shimoni na taa kichwani. Na lugha imetuzidi ujanja hapa, maana marudio ni pia kule kurudiarudia: kipande kinachozunguka, kiitikio kinachorejea. Neno moja limebeba kazi ya tangi na kazi ya studio.

Tuutazame tena "Gold Digger" kwa jicho hilo. Msingi wake ni wimbo wa Ray Charles, "I Got a Woman", ambao mwaka 1955 ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za Wamarekani Weusi na haukuvuka mpaka huo. Nusu karne baadaye sauti yake ikarejea ndani ya kazi ya West, ikakaa kileleni mwa orodha kuu ya Marekani kwa wiki kumi. Aliyeosha mara ya pili amevuna zaidi. Charles hakuyaona hayo, kwani alifariki Juni 2004. Wimbo unafunguliwa na Jamie Foxx akiimba kwa sauti ya kumwiga, yule yule aliyemwigiza katika filamu ya *Ray* na kupata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2005. Yaani tuna sauti ya marehemu, na mbele yake mwigaji wa marehemu, na juu yao kijana anayefanya mzaha. Kazi hii ingeweza kuwa kufuru. Haikuwa, kwa sababu kipande cha Charles hakikunyamazishwa chini ya ngoma. Kimeachwa kimjibu West kila anaposita, kama waitikiaji wanavyomjibu manju.

Sisi wa visiwani hatuna haki ya kushangaa. Taarabu yetu ilianza kwa nyimbo za Misri, na tuni za Kairo zikavishwa maneno ya Kiswahili hadi mwenye tuni akasahaulika. Rap ya Kiswahili nayo ilipita njia hiyo: mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir aliweka maneno yetu juu ya mdundo wa Vanilla Ice, mdundo ambao Vanilla Ice naye alikuwa ameuchota kwa Queen na David Bowie. Hayo yalikuwa marudio ya marudio. Baadaye wasanii wetu wakubwa wakaelekea kwingine. Professor Jay alipotoa albamu yake ya pili akiwa peke yake, *Mapinduzi Halisi*, mwaka 2003, kilichosifiwa kwanza ni masimulizi na ulimi wake. Ukinitaka niseme ni yupi kati ya wawili hao aliye mshairi, nitamtaja Professor Jay bila kusita. Vina vya West ni vya wastani. Mara nyingine anakitia neno kina na neno hilo hilo, na kwa mizani zetu ubeti kama huo ungerudishwa kwa mwenyewe. Uwezo wake uko katika kusikia. Anajua ni pumzi ipi ya mwimbaji wa zamani iliyobaki na dhahabu.

Kwa hiyo wimbo ninaouweka juu ya zote si ule uliovuma. Ni "Roses". Bibi yake amelazwa hospitalini, jamaa wamejaa chumbani, na mjukuu anamuuliza muuguzi habari za tiba. Muuguzi anachotaka ni saini kwenye fulana. Katika beti ala zimepunguzwa hadi karibu hakuna kitu, na maneno yanatembea polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kiitikio kinapofika, mlango unafunguka: ngoma, vinanda na kipande cha Bill Withers vinaingia kwa pamoja. Wimbo wa Withers unaitwa "Rosie", jina la mwanamke. Kwa kuchotwa na kuzungushwa, jina linasikika kama waridi, maua ya kupeleka wodini. West hakuongeza neno. Aligeuza sikio la msikilizaji tu, na mwanamke wa Withers akawa maua ya bibi wa West. Katika wimbo huo anauliza pia kwa nini mwenye fedha hupata dawa na mwingine akaambiwa asubiri, na swali hilo halihitaji kufasiriwa kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali ya wilaya akiwa na mgonjwa.

Mengine nitayapitia haraka. "Touch the Sky", uliotengenezwa na Just Blaze, unaupunguzia kasi wimbo wa Curtis Mayfield wa mwaka 1970 hadi matarumbeta yake yakawa mazito kama maandamano. "Gone" unamwegemea Otis Redding na kumalizikia katika vinanda vya nyuzi. Hapo mkono wa Jon Brion, mtunzi wa muziki wa filamu aliyeshirikiana na West, unaonekana waziwazi. Katika "My Way Home" West hasikiki kabisa. Amemwachia Common na sauti ya Gil Scott-Heron. Vichekesho vilivyopachikwa kati ya nyimbo, vya chama cha wanafunzi mafukara, ni pumba, na albamu ingenenepa kwa kuvipunguza.

Sasa "Diamonds from Sierra Leone". Hapa ndipo ninapokosana na wanaoisifu. Kipande kilichochotwa ni sauti ya Shirley Bassey, Mwelsi mwenye baba Mnijeria, akiimba wimbo wa filamu ya James Bond ya mwaka 1971. Ni kipande cha fahari, na kimetumiwa kwa fahari. Lakini toleo la kwanza la wimbo, licha ya jina lake, halikuhusu Sierra Leone. Almasi yake ilikuwa ishara ya mikono ya kampuni ya Roc-A-Fella. Toleo la pili ndilo lililowekwa katikati ya albamu, na la kwanza likasukumwa mwishoni kama nyongeza. Katika hilo la pili West anaanza kwa swali la haki: mawe anayoyavaa yametoka kwenye vita gani, na mkono gani umekatwa kwa ajili yake? Vita vya Sierra Leone vilikuwa vimekwisha mwaka 2002 tu. Kisha anaingia mgeni, Jay-Z, mwenye ulimi mkali kuliko mwenyeji, na anazungumza juu ya nafsi yake na biashara yake. Swali linaachwa sakafuni. Wimbo hauliokoti tena.

Msikilizaji wa Maganzo, mji unaoishi pembezoni mwa uzio wa Mwadui, angelitambua jambo hilo upesi. Mwaka 1947 ilitoka Mwadui almasi ya waridi ya karati 54.5, ikapelekwa London kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth, ikachongwa, ikawa kitovu cha ua la kifuani. Jiwe linaitwa kwa jina la Williamson. West amejifunza kuwauliza wafu wa santuri wana nini cha kusema. Walio hai katika mashimo hakuwa na santuri yao ya kuichota. Sitaki kumwonea. Kijana wa miaka 28 aliuliza swali ambalo wengi wa rika lake hawakuliuliza. Lakini albamu inayojua vizuri hivi kuchenjua mchanga uliokwisha kuoshwa inapofika kwenye mwamba wenyewe, chombo chake kinakosa makali.

Juu ya mtu aliyekuja kuwa, anayeitwa Ye kisheria tangu 2021 na aliyetamka maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi mwaka 2022 hadi kampuni zikamkimbia, sina utetezi wa kutoa. Sauti za Charles na Withers zilizomo humu hazikutenda kosa hilo, na kwa ajili yao ninaendelea kusikiliza.

Mwaka 2019 nilikaa siku moja Rwamagasa, kwenye kivuli cha banda la karasha. Kijana aliyekuwa akizoa mchanga alikuwa na "Gold Digger" katika simu yake. Aliniuliza maana yake, nikamweleza habari ya buzi, akacheka sana. Nikamweleza pia juu ya Ray Charles na kipande kilichochotwa, na kwamba wimbo ule ni marudio. Hapo aliacha kucheka.

"Sasa mzee, huyo Charles alipewa chochote, au mchanga ulibaki kwa mwenye karasha?"

Nikamwambia kuwa jina lake limeandikwa: watunzi wa "Gold Digger" ni West, Charles na Renald Richard, aliyetunga na Charles ule wa kwanza, na sheria ya kwao inawapa wenye jina fungu lao au warithi wao. Alitikisa kichwa kuridhika. Nikadhani nimemaliza, nikaongeza kwa kujionyesha kidogo kwamba hata Charles hakuanza na mwamba mtupu. Tuni yake aliitoa kwenye wimbo wa injili wa mwaka 1954, "It Must Be Jesus", wa kundi la Southern Tones, akamwondoa Yesu na kumweka mwanamke.

Alichomeka sepetu mchangani.

"Na hao wa kanisani, jina lao limeandikwa wapi?"

Nikamwambia majina ni yale matatu.