Paroko wa Morwenstow: juu ya kitabu cha Baring-Gould

Kitabu hiki juu ya Robert Stephen Hawker, padri wa Kianglikani, kilitoka mwaka 1876, mwaka mmoja tu baada ya kufa kwake. Mwandishi, Sabine Baring-Gould, naye padri wa Kianglikani, anajua kuchekesha. Anasimulia namna Hawker kijana alivyoketi usiku juu ya jiwe la bahari, akijifanya nguva, hata watu wakakusanyika kumtazama. Wasomaji wengi wanashika hayo tu. Ndilo kosa la kitabu.

Sisi tunatafuta parokia. Hawker alipewa Morwenstow, pwani ya Cornwall, mwaka 1834. Kwa zaidi ya miaka mia hapakuwa na paroko aliyekaa pale. Alijenga nyumba ya padri na shule. Mwaka 1843 aliwaita wakulima kanisani kumshukuru Mungu kwa mavuno, na desturi hiyo ikaenea Uingereza. Merikebu zilipovunjika, alishuka miambani kutafuta maiti. Mbele yake mabaharia walizikwa ufukoni bila sala. Yeye aliwazika penye kanisa, wapata 40. Mambo hayo yamo kitabuni, lakini vichekesho vinayafunika.

Jioni ya mbele ya kufa kwake, mwaka 1875, Hawker alipokelewa katika Eklezya Katolika. Tufurahi, lakini tusijitwalie miaka yake 40 kati ya Waanglikani.

Ndugu, anayetaka kuandika habari za parokia yake aanze na daftari la ubatizo na la wafu. Vichekesho vitafuata.